Karo ya chuo Uholanzi: unamlipa nani, lini, na kwa njia gani?

"Mtoto wangu amepata nafasi ya chuo kikuu Uholanzi. Naweza kulipa karo kwa simu?"

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi. Jibu fupi ni kwamba sehemu ya safari ya pesa hiyo inaweza kupita kwenye simu, lakini yote kwa mpigo mmoja, hapana. Jibu refu ndilo somo la leo, na linaanza na mpokeaji kabla ya kufika kwenye simu. Pesa inaweza kutumwa vizuri, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, risiti ikatoka, na bado ikawa imepotea kwa sababu aliyeipokea hakuwa na chochote cha kukuuzia.

Kwa hivyo tutaanza na jinsi Waholanzi wanavyopanga mambo yao, halafu tuje kwenye viwango, makato na nambari za akaunti. Kama wewe ni mzazi na habari za vyuo vya ng'ambo ni ngeni kwako, vumilia kidogo. Ndizo zitakazolinda pesa yako.

Vyuo ni vya aina mbili, na bei pia ni mbili

Uholanzi kuna vyuo vikuu vya utafiti, kama vile Leiden, Delft, Groningen, Utrecht, Wageningen na Amsterdam. Halafu kuna vyuo vinavyoitwa hogeschool, ambavyo hufundisha taaluma kwa vitendo zaidi: biashara, uhandisi, kilimo, hoteli na kadhalika. Shahada ya kwanza kwenye chuo cha utafiti kwa kawaida huchukua miaka 3, na kwenye hogeschool huchukua miaka 4. Huo mwaka mmoja wa zaidi ni karo ya mwaka mzima na kodi ya nyumba ya mwaka mzima, kwa hivyo uhesabu kabla ya kufurahia ada iliyo chini.

Mwenye KCSE peke yake ajue kwamba vyuo vya utafiti mara nyingi huona cheti hicho hakitoshi, na huenda vikataka uwe umesoma chuo kikuu hapa nyumbani kwa mwaka mmoja hivi kwanza. Hogeschool huwa na masharti mepesi kidogo. Anayeenda kufanya shahada ya uzamili atapimwa kwa shahada yake ya kwanza. Masharti kamili yako kwenye ukurasa wa kozi yenyewe, na kila kozi ina yake, kwa hivyo usiamini orodha ya jumla uliyotumiwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Angalia pia lugha ya kufundishia. Kozi nyingi za uzamili ni za Kiingereza, lakini kwa miaka michache sasa wanasiasa wa Uholanzi wamekuwa wakivutana kuhusu kupunguza kozi za shahada ya kwanza zinazofundishwa kwa Kiingereza. Kozi aliyosoma binamu yako huenda leo inafundishwa kwa Kiholanzi.

Sasa bei. Mwanafunzi kutoka nchi za Umoja wa Ulaya hulipa ada iliyowekwa na serikali, ambayo kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni yuro 2,601. Sisi Wakenya hatumo kwenye bei hiyo. Tunalipa ada ambayo kila chuo hujipangia chenyewe. Kwa hogeschool nyingi inazunguka kati ya yuro 9,000 na 12,000 kwa mwaka, na kwenye vyuo vikuu vya utafiti inaweza kupita yuro 20,000, hasa kwa uzamili wa sayansi na uhandisi. Mtu akikuonyesha ile bei ya yuro 2,601 na kukuambia ana njia ya kukuingiza humo, ujue ama hajui anachosema, ama anajua vizuri sana.

Maombi: pesa ndogo

Maombi hupitia Studielink, tovuti ya kitaifa ambayo vyuo vyote vya umma hutumia. Kujiandikisha hapo ni bure. Ukishachagua kozi, chuo chenyewe hukutumia barua pepe yenye maelezo ya kuingia kwenye tovuti yake, na kuanzia hapo mnawasiliana moja kwa moja. Vyuo kadhaa hutoza ada ya kushughulikia maombi, mara nyingi yuro 100, ambayo hairudishwi hata ukikosa nafasi. Ukiomba vyuo vitatu, huenda ukalipa mara tatu.

Ada hii ndogo hulipwa kwenye tovuti ya chuo. Hapo utakutana na kitufe kinachoitwa iDEAL, ambayo ndiyo njia Waholanzi hutumia kulipa karibu kila kitu mtandaoni. Inahitaji akaunti ya benki ya Uholanzi, kwa hivyo ukiwa Kenya haikusaidii. Tafuta palipoandikwa kadi au uhamisho wa benki. Kadi yoyote ya malipo ya kimataifa, hata ile ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu, kwa kawaida hutosha kwa kiasi hiki.

Tarehe hazingoji mtu. Kozi zenye nafasi chache, kama saikolojia na udaktari kwenye vyuo vingi, hufunga tarehe 15 Januari. Nyingine hufunga baadaye, lakini kwa sisi tunaohitaji viza mwisho wake mara nyingi ni 1 Aprili au hata mapema zaidi. Masomo huanza Septemba.

Viza ya masomo huombwa na chuo

Hapa tungependa ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinaweza kuumizwa.

Kwa nchi nyingi, mwanafunzi mwenyewe ndiye hukimbia na faili yake ubalozini. Uholanzi wana utaratibu mwingine. Chuo kinachotambuliwa na IND, yaani idara yao ya uhamiaji, ndicho mdhamini wako. Chuo ndicho hupeleka ombi la viza ya kuingia, ile inayoitwa MVV, pamoja na ombi la kibali cha kukaa, yote mawili kwa mara moja, huko huko Uholanzi. Kazi yako ni kupakia nakala ya pasipoti na karatasi zingine kwenye tovuti ya chuo, kulipa unachodaiwa na kungoja. IND ikishakubali, ndipo unapeleka pasipoti Nairobi ibandikwe viza.

Fikiria maana yake. Ajenti anayekuambia ana mtu wake ubalozini wa kusukuma viza yako ya masomo anakuuzia kitu ambacho hakiko mikononi mwake wala mwa huyo mtu wake. Ombi halijaandikwa naye. Halimpitii. Anayesema "tuma 80,000 kwa nambari hii leo jioni, nafasi za viza zinaisha" hana hata foleni ya kukuweka.

Hatusemi ajenti wote ni wezi. Wako walio na makubaliano rasmi na vyuo, wanaosaidia watu kupanga vyeti na kuandika barua ya maombi, na wanafanya kazi nzuri. Ukiamua kumlipa mtu kwa huduma hiyo, mlipe ada yake, akupe risiti, basi. Karo na pesa ya matumizi hazina sababu ya kupitia kwake hata kwa siku moja.

Malipo mawili makubwa ambayo watu huyachanganya

Ukishakubaliwa, chuo kitakutumia hesabu yenye vitu vitatu. Cha kwanza ni ada ya ombi la viza na kibali, ambayo ni zaidi ya yuro 200. Hiyo ni ya serikali yao. Cha pili ni karo, ambayo kwa mwenye viza mara nyingi hutakiwa yote ya mwaka wa kwanza kabla ya kusafiri. Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo, lakini kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki ya Ulaya, kwa hivyo mwaka wa kwanza usiutegemee.

Cha tatu ndicho hushtua wazazi: pesa ya matumizi. IND inataka ushahidi kwamba mwanafunzi ataweza kula, kulala na kusafiri kwa mwaka mzima. Kiasi chake hupangwa upya kila mwaka, na kwa sasa ni zaidi kidogo ya yuro 1,100 kwa mwezi. Ukizidisha kwa miezi 12 unakaribia yuro 13,500. Vyuo vingi hukuomba utume pesa hii yote kwenye akaunti ya chuo, pamoja na karo.

Hii si karo. Ni pesa ya mwanafunzi mwenyewe, na chuo kinaishikilia tu. Akishafika, akajiandikisha kwenye manispaa ya mji wake, akapata nambari ya raia inayoitwa BSN na kufungua akaunti ya benki kule, chuo humrudishia. Wengine huirudisha yote kwa pamoja, wengine kwa mafungu ya kila mwezi. Uliza mapema chuo chako kinafanyaje, kwa sababu wiki za kwanza mwanafunzi atahitaji pesa ya mkononi kabla hiyo haijarudi. Kuandikishwa na kufungua akaunti kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Wacha tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme karo ni yuro 12,000, na pesa ya matumizi ni yuro 13,500. Jumla ni yuro 25,500. Tukichukulia yuro moja kuwa shilingi 150, hiyo ni shilingi 3,825,000. Shilingi ikilegea hadi 155 kabla hujalipa, deni lako limepanda kwa 127,500 na hujaongeza hata siku moja ya masomo. Mambo haya hutokea. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa imerudi karibu na 130. Hakuna anayeweza kukuambia shilingi itaelekea wapi mwezi ujao, na sisi hatutajaribu. Tunachoshauri ni kwamba mkichanga, mchange kwa lengo la yuro, na mweke nafasi juu ya lengo. Kamati ya harambee inayotangaza "tumefika milioni 3.8" siku ambayo benki inauza yuro kwa 156 bado haijafika.

Na usitumie kile kiwango unachoona ukitafuta kwenye Google. Kiwango hicho ni cha katikati. Benki inakuuzia yuro kwa bei ya juu kidogo ya hapo, na hiyo "kidogo" ikizidishwa mara 25,500 si kidogo tena. Uliza benki mbili au tatu siku hiyo hiyo, na uliza swali moja tu: nikikupa shilingi ngapi, chuo kitapata yuro 25,500 kamili?

Kutoka kwenye simu hadi akaunti ya chuo

Sasa tumefika kwetu. Kwa sasa muamala mmoja wa pesa za simu hapa Kenya hauwezi kuzidi shilingi 250,000. Kwa siku nzima huwezi kupita 500,000, na akaunti yenyewe haiwezi kushikilia zaidi ya 500,000. Ukichukua ile milioni 3.8 ya mfano wetu, unahitaji miamala isiyopungua 16, ndani ya siku zisizopungua 8. Familia iliyongoja hadi Ijumaa huku chuo kimesema mwisho ni Jumatatu haiwezi kuokolewa na simu, hata salio likiwepo.

Kwa hivyo chukulia simu kama mfereji, na benki kama tangi. Simu ni nzuri sana kwa kukusanya: mjomba wa Eldoret, shangazi wa Mombasa, rafiki wa kanisani, kila mtu anatuma alipo, na kila mchango una jina na saa yake. Benki ndipo pesa inakaa na ndipo inapotokea kwenda Uholanzi. Fungua akaunti ya benki kwa jina la mwanafunzi au mzazi mapema, miezi kadhaa kabla, uiunganishe na laini yako, uwe unahamisha kila wiki. Kama mnachangisha, ni afadhali nambari ya paybill iliyoungana moja kwa moja na akaunti hiyo ya benki kuliko laini ya mtu binafsi. Mweka hazina anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini laini yake ikifika 500,000 itakataa kupokea, na simu yake ikiibwa mna kesi mbili.

Weka kumbukumbu. Benki ikiona mamilioni yameingia kwa miezi miwili halafu yanatoka kwenda ng'ambo, itakuuliza yametoka wapi, na ina haki ya kuuliza. Taarifa ya akaunti yako ya simu, ambayo unaweza kuiomba kwenye menyu au programu yetu, mkataba wa kuuza shamba kama liliuzwa, barua ya mkopo wa sacco, barua ya kukubaliwa na chuo, na ile hesabu ya chuo: ukiwa na hizo kwenye faili moja, mazungumzo yanaisha haraka. Usipokuwa nazo, malipo yanaweza kukaa hapo huku tarehe zinasonga.

Siku ya kutuma, soma nambari ya akaunti ya chuo polepole. Akaunti za benki za Uholanzi hutumia IBAN yenye herufi na tarakimu 18: herufi NL, tarakimu 2, herufi 4 za benki, kisha tarakimu 10. Hesabu moja baada ya nyingine. Halafu angalia jina la mwenye akaunti: liwe jina la chuo. Nambari ya IBAN kuanza na NL si kinga, kwa sababu hata tapeli anaweza kufungua akaunti Uholanzi. Kinga yako ni mahali ulipoitoa nambari hiyo. Iwe ni kwenye tovuti ya chuo, ukiwa umeingia na akaunti yako mwenyewe. Ukipata barua pepe inayosema "tumebadilisha benki, tafadhali tumia akaunti hii mpya", usijibu barua hiyo wala kupiga nambari iliyomo. Fungua tovuti ya chuo mwenyewe, chukua nambari ya simu huko, piga uulize. Simu ya dakika tano kwenda Uholanzi ni bei rahisi kuliko shamba. Vyuo vingine hutumia kampuni ya malipo badala ya akaunti yao, na hilo ni sawa ikiwa umeingilia kwenye tovuti ya chuo na si kwenye kiungo ulichotumiwa.

Mambo mawili madogo yanayoleta maumivu makubwa. Kwanza, andika nambari ya mwanafunzi pale pa maelezo ya malipo. Bila hiyo, pesa yako itafika na kukaa bila mwenyewe, na chuo kitaendelea kukuandikia kwamba hujalipa. Pili, benki itakuuliza nani abebe gharama za njiani. Chagua OUR, yaani mtumaji anabeba zote. Ukichagua kugawana, benki za katikati zinaweza kukata yuro 15 au 30 njiani, chuo kikapokea pungufu, na ombi lako la viza likasimama kwa sababu ya pungufu ya yuro 22.

Pesa ikirudi, inarudi kwa aliyeituma

Tuseme viza imekataliwa, au mwanafunzi amebadilisha nia. Vyuo vingi vina utaratibu wa kurudisha karo na pesa ya matumizi, isipokuwa ada ya viza. Soma masharti yao kabla ya kulipa, hasa tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Lakini kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba, ili kuzuia utakatishaji wa pesa, vyuo kwa kawaida hurudisha kwenye akaunti ile ile iliyotuma.

Kama ulimpa ajenti shilingi milioni 3.8 "akulipie" kwa akaunti yake, na viza ikakataliwa, pesa inarudi kwake. Chuo kimefanya kazi yake sawasawa. Wewe sasa ndiye wa kumtafuta mtu, na huna mkataba na chuo unaosema pesa ni yako. Ndiyo maana hata ndugu yako wa damu anayekuambia "nitumie mimi, benki yangu ina bei nzuri" umshukuru, halafu ulipe mwenyewe.

Ufadhili wa kweli hauombi malipo

NL Scholarship hutoa yuro 5,000 kwa wanafunzi wa nje ya Ulaya, mara moja tu, mwaka wa kwanza, na si vyuo vyote vinashiriki. Ni pesa nzuri, lakini kwenye mfano wetu haifiki hata nusu ya karo. Vyuo vyenyewe vina misaada yao, kama ule wa Leiden unaoitwa LExS. Mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya unaweza kulipia kila kitu, na baadhi ya kozi zake huhusisha vyuo vya Uholanzi. Ule mpango wa Orange Knowledge Programme, ambao Wakenya wengi wanaufahamu, umefungwa. Ukitumiwa tangazo lake lenye nambari ya kulipia fomu, ni la uongo. Hakuna ufadhili wa kweli unaokutaka ulipe ili upewe pesa yako.

Chumba cha kulala

Uholanzi ina upungufu mkubwa wa nyumba za wanafunzi, hadi vyuo kadhaa vimewaambia wanafunzi wa kigeni waziwazi: usije kama hujapata pa kulala. Shida hii ndiyo soko la matapeli. Picha nzuri za chumba Amsterdam, bei iliyo chini ya kawaida, mwenye nyumba "yuko Uhispania kikazi", na ufunguo utatumwa kwa posta ukishalipa miezi miwili. Ukiona mambo haya pamoja, wacha.

Mwanafunzi aanze na ofisi ya makazi ya chuo, kwa sababu vyuo vingi hutenga vyumba kwa wageni wa mwaka wa kwanza, kwa ada kidogo na kwa muda mfupi. Aombe siku hiyo hiyo anayokubaliwa. Akikosa, mtu anayemjua, labda Mkenya aliyeko kule, aende akaone chumba kwa macho kabla pesa haijaondoka. Tangu Julai 2023 sheria yao haimruhusu mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya miezi miwili. Na auliza kama ataruhusiwa kujiandikisha kwenye manispaa kwa anwani hiyo. Chumba kisichoruhusu kujiandikisha kinamaanisha hakuna BSN, kumaanisha hakuna akaunti ya benki kwa urahisi, kumaanisha ile pesa ya matumizi inabaki chuoni.

Kazi ya saa 16

Wengine hutuambia mtoto "atajilipia akifika". Mwanafunzi mwenye kibali cha masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 16 kwa wiki, au muda wote katika miezi ya Juni, Julai na Agosti pekee, na mwajiri lazima awe amechukua kibali cha kumwajiri. Waajiri wengi hawapendi hiyo kazi ya makaratasi. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilipita yuro 14 kwa saa mwaka 2025, kwa hivyo saa 16 ni kama yuro 225 kwa wiki kabla ya kodi ya serikali. Ni pesa ya chakula na sehemu ya kodi ya nyumba. Karo ya mwaka wa pili haiko humo. Akianza kufanya kazi pia atalazimika kuchukua bima ya afya ya kule, ambayo hulipwa kila mwezi.

Na masomo yenyewe hayamsubiri. Mwaka una alama za masomo 60, na asipopata angalau nusu yake, chuo kinapaswa kuijulisha IND, na kibali kinaweza kuondolewa. Kwenye shahada ya kwanza vyuo vingi hudai zaidi ya hapo mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anayekosa darasa ili abebe sahani kwenye mkahawa anahatarisha pesa yote mliyotuma.

Kabla ya uwanja wa ndege: laini yako ya Kenya

Hii ni ya mwanafunzi. Laini yako imeungana na benki, barua pepe, labda na ukurasa wa chuo. Kabla ya kupanda ndege, washa huduma ya kutumia laini ng'ambo, weka programu yetu kwenye simu na uijaribu ukiwa bado hapa, badilisha PIN, na hakikisha nambari ya kitambulisho iliyosajiliwa ni yako na si ya mzazi aliyekununulia laini ukiwa kidato cha tatu. Ukiwa kule, itumie mara moja moja hata kwa kununua salio la mtu nyumbani, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa na nambari ikapewa mtu mwingine.

Usimwachie ndugu yako laini na PIN "ili apokee pesa kwa niaba yako". Laini iko kwa jina lako, na chochote kitakachopita hapo kitakuwa chako kisheria, ukiwa umelala Groningen. Kama kuna mambo ya nyumbani ya kulipa, tuma wewe mwenyewe kutoka kule. Simu ikipoteza mtandao ghafla na isirudi, usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Pigia huduma kwa wateja siku hiyo hiyo uulize kama kuna mtu aliyebadilisha laini yako.